Tulikimbia Raundi Zile Zile

Ijumaa, baada ya alasiri. Joto la kunata. Mawingu yamefunga tangu asubuhi na mvua yenyewe haiji.

Leo nimepika biriani ya kumpongeza mtu aliyepata kazi yangu.

Naandika kwa sababu sina pa kusemea. Nyumba nzima imeshiba. Mavyaa, mama mkwe wangu, amejinyoosha mkekani, mume wangu Abdu yuko barazani na wenzake, na vyombo nimeviosha peke yangu maana kila aliyekuja kunisaidia nilimfukuza. Mikono inanuka vitunguu na moyo wangu ni mbaya leo, sitaki kudanganya.

Nianze mwanzo, kwa wasionijua. Miaka mitatu sasa nafanya kazi ya mkataba kwenye kikosi cha zimamoto cha ghala moja la mafuta hapa kisiwani. Wanaume tisa na mimi. Nakagua mitungi ya kuzimia moto, nakunja mipira ya maji, navaa buti zinazonizidi namba moja, na naipenda kazi hiyo. Kabla ya hapo nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa mjini miaka sita, nikikunjua na kukunja majora kwa watu wasionunua. Kila jioni nilikuwa narudi nyumbani nimenuna bila sababu. Ghalani nimefanya zamu za saa kumi na mbili juani na nimerudi nikiimba. Abdu mwenyewe aliwahi kuniuliza nimepewa nini huko.

Mwaka huu ikatangazwa nafasi moja ya kudumu kwa mwanamke. Moja tu. Masharti yalikuwa cheti cha kidato cha nne na mtihani wa pumzi, mafunzo mengine watatoa wenyewe. Mwenye pumzi kushinda wenzake ndiye anayechukuliwa, na wa pili hubaki akiba: wa kwanza asiporipoti siku ya kuanza, anaitwa yeye. Sisi wa mkataba tukaambiwa wazi kwamba tukikosa, mkataba ukiisha hauendelezwi. Wangu unaisha mwisho wa mwezi huu.

Mtihani wenyewe ni mbio za mlio. Wanaweka koni mbili, unakimbia kutoka hii hadi ile, na mashine ikilia uwe umeshafika. Kila baada ya muda mlio unakazana. Unaendelea hivyo mpaka mapafu yakukatae. Hakuna kujuana hapo, wala hakuna cha uzoefu.

Nilijua pumzi yangu si ya kujivunia. Mikono ninayo, mpira wa maji naubeba mwenyewe bila kuita mtu. Lakini nikipanda ngazi za tangi hufika juu siwezi kusema jina langu. Basi nikajipa miezi minne ya mazoezi. Uwanja wa Tononoka uko karibu, ila mwanamke kukimbia peke yake alfajiri, hata Abdu akikubali, midomo ya watu haikubali. Nikamwomba wifi yangu Nuru anisindikize.

Nuru ni dada yake Abdu. Ana miaka thelathini, mimi namzidi sita. Ameachika, ana binti mmoja, na wanakaa na mamake ghorofa ya juu ya nyumba hii hii yetu ya Mji wa Kale. Alikuwa akiuza madera kwa simu, kutwa amekaa kitako. Nilipomwambia tukakimbie alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Wifi, kama unataka kunirithi sema tu, madera yako kabatini."

Alikuja lakini. Hilo siwezi kumnyima. Wiki ya kwanza alikwenda raundi mbili akaketi kwenye nyasi, ameshika mbavu, anaita mamake. Nikamvuta mkono nikamwinua. Wakati ule mimi ndiye niliyekuwa mbele. Naliandika hilo hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayelikumbuka.

Na wiki ya pili ndipo nilipofanya ujinga wangu.

Niliona haya. Mtu anaamka kwa ajili yangu, anakwenda nami na kurudi nami, halafu nimfiche tangazo la kazi? Sisi hatukulelewa hivyo. Ukiwa na kitu mkononi na mwenzako yupo, unamkaribisha, hata kama ni tonge moja. Nikaenda mwenyewe ofisini nikachukua fomu ya pili. Nikamjazia kwa mkono wangu, maana hati yake haisomeki, nikampa atie sahihi tu. Mavyaa akaniombea dua ndefu. Abdu akasema nina roho nzuri.

Roho nzuri. Wacha niseme kweli: nilimjazia nikiwa na yakini hawezi. Ningemwona ana pumzi, sijui kama ile fomu ningeichukua. Ukarimu wangu ulikuwa na hilo ndani yake tangu mwanzo.

Tukakimbia. Siku nne kwa wiki, tukishaswali alfajiri tunashuka, mitandio tumeifunga nyuma, magauni marefu juu ya suruali, viatu vya mitumba vya aina moja. Raundi zile zile, mwendo ule ule, bega kwa bega. Mimi sikukosa hata siku moja. Nuru alikosa mbili, moja ya harusi na moja ya usingizi. Tukimaliza yeye husimama kwa mama wa mahamri akala manne na mbaazi zake za nazi, anaramba vidole. Mimi hurudi nyumbani kunywa uji wa wimbi usio na sukari kwa sababu nilisoma mahali kuwa unasaidia.

Mwezi wa pili Nuru alianza kunizungumzisha tukikimbia. Habari za jirani, za binti yake, za mteja aliyerudisha dera limevaliwa. Anazungumza na pumzi imetulia, na mimi namjibu kwa kichwa.

Mwezi wa tatu akaanza kunisubiri.

Hakuna aliyeniambia kwamba kusubiriwa kunauma hivi. Anatangulia nusu raundi, anageuka, anakimbia pale pale aliposimama, anasema pole pole wifi, usiharakishe. Kwa mapenzi, wallahi, si kwa kejeli. Nilitamani ateguke mguu. Si kuvunjika, kuteguka tu, wiki mbili tatu. Niliomba hivyo nikiwa bado na udhu wa alfajiri.

Siku moja ya mwezi huo nilimwona Abdu amesimama na pikipiki yake nje ya ukuta, amejibanza nyuma ya kibanda cha maji. Amekuja kuchungulia kama kweli nakimbia. Nilijifanya sikumwona. Nilikimbia raundi ile kwa nguvu zangu zote mpaka nikaona nyota, ili aone. Sikumwambia na yeye hakuniambia.

Siku ya mtihani tulikuwa wanawake watano. Watatu walitoka mapema. Mimi nilifika alama ya kufaulu nikiburura miguu, nikaipita kidogo, nikaanguka kwa magoti. Kabla ya mazoezi yoyote nilishajipima kwa siri kwa mlio wa kwenye simu, na nilifika karibu na pale pale. Alfajiri zote zile zilinisogeza hatua chache tu, ambazo ningeweza kuzipata kwa hasira peke yake.

Nilipoinua kichwa Nuru alikuwa bado anakimbia. Mlio unakazana na yeye anakazana. Wanaume wa kikosi changu, niliokula nao na kubeba nao, walikuwa wanampigia makofi.

Mkuu wetu ni Bwana Kazungu, mtu wa Kaloleni, mpole, hajawahi kuniinulia sauti. Aliniita pembeni nikiwa sijaweza kusimama sawasawa.

"Bi Zuhura, mlisema mmefanya mazoezi pamoja."

"Pamoja, bwana."

"Basi mmoja wenu alikuwa anatembea."

Alilisema kwa huruma. Angelisema kwa ukali ningemjibu.

Nyumbani nako ilikuwa hivyo hivyo. Abdu aliniuliza kama kweli nilikuwa najituma. Nikamwambia ulikuja ukaniona mwenyewe, nyuma ya kibanda cha maji. Akasema ni kweli niliona, lakini mtu anaweza kukimbia na asijitume. Hebu niambieni nyinyi mnaosoma, hapo mtu anajibu nini?

Mavyaa yeye alikuwa na furaha yake, na furaha ya mama siwezi kuilaumu. Alimwambia kila aliyepita mlangoni kuwa wanawe wana pumzi za baba yao, marehemu aliyekuwa akibeba magunia sokoni Marikiti tangu asubuhi mpaka adhuhuri na akija nyumbani anapanda ngazi anapiga mluzi. Ni damu hiyo, akasema. Kisha akanigeukia mimi, akanipigapiga goti, akasema na wewe mwanangu ungeacha uvivu kidogo tu, ungepata.

Kwa wanawe ni damu. Kwangu mimi ni uvivu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa daktari. Anaitwa Daktari Shirin, mama wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa mjini, Kiswahili chake kina adabu kuliko cha watoto wetu. Na niungame jingine: nilikwenda nikiomba nipatikane na ugonjwa. Damu kidogo, tundu la moyo, pumu, chochote chenye jina nikakishike mkononi nirudi nacho nyumbani, niwaonyeshe.

Hakupata kitu. Damu inatosha, moyo mzima, mapafu safi. Nilikaribia kulia. Akaniuliza kwa nini mtu analilia afya yake, nikamweleza yote, raundi na mahamri na Nuru na Bwana Kazungu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema miili haipokei zoezi sawa, na wanaofanya kazi hiyo ya kupima watu wanalijua siku nyingi. Unawachukua watu, unawapa mazoezi yale yale, siku zile zile, unawasimamia usiache mtu akazembea. Mwishowe mmoja, moyo wake unasukuma damu nyingi zaidi kila pigo na misuli yake inajua kuitumia ile hewa, mwingine anapata kiasi, na mwingine anabaki karibu na pale alipoanza. Sehemu ya jambo hilo watu huzaliwa nalo. Ndugu wa tumbo moja hufanana. Na unapoanzia ni kitu kingine kabisa. Mtu anaweza kuanza chini akapanda sana, na mwingine akaanza juu yake asipande.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo mimi si mvivu?"

Akasema, "Umefanya kazi sawa na mwenzako. Mwili wako ndio uliokupa kidogo."

Akaniambia pia mazoezi hayakupotea. Presha yangu imeshuka kuliko alivyoniandikia mwaka jana, na usingizi niliomweleza si usingizi wa mtu mgonjwa. Kuna wanaokataa zoezi la namna moja na wakakubali la namna nyingine, kwa hiyo nijaribu mbio fupi za nguvu, nipumzike, nirudie, au niongeze siku. Huenda nikapanda. Hakuniahidi. Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa kwenye kizingiti cha jengo lake mpaka askari wa mlangoni akaniuliza kama nasubiri mtu.

Pale kizingitini nilimkumbuka mama yangu.

Nyumba tuliyolelewa ilikuwa na ngazi za mbao zenye mwinuko mkali, na mama alikuwa akipanda kwa vituo. Kituo cha kwanza anashika ukuta, cha pili anaketi kabisa na kikapu chake mapajani. Sisi watoto tulikuwa tunamwiga. Dada yangu anaketi, mimi nashika ukuta, tunahema, tunacheka. Baba alimwita mvivu mbele ya wageni na yeye alikuwa akitabasamu tu. Alipika, alifua, alilea watoto sita, na alikufa na jina hilo. Hakuna aliyempima hata siku moja. Mimi nilimcheka nikiwa mtoto, na nikiwa mtu mzima nilimwambia mama fanya mazoezi, kwa sauti ile ile ambayo sasa naambiwa mimi.

Nilipomsimulia Abdu maneno ya daktari alisema madaktari wa siku hizi hawakosi jina la kumfariji mtu. Sikurudia kumwambia.

Basi leo. Nuru anaanza kazi Jumatatu, na Mavyaa akataka isomwe dua ya shukrani baada ya swala ya Ijumaa na watu wapate kula. Mkono wa biriani katika nyumba hii ni wangu. Hakuna aliyeniuliza kama nitaweza. Nyama ililetwa jana, ikawekwa mezani, mchele pembeni yake. Nilisimama jikoni tangu saa mbili. Kuna dakika nilishika kijiko cha chumvi juu ya sufuria ya masala nikaona naweza. Sikuweza. Biriani ni yangu, wangesema Zuhura kaharibu na hilo nalo.

Ilitoka tamu. Watu walisifu wakalamba. Nilizunguka na sinia nikitabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Shangazi yao mmoja alinishika kiuno nikipita akasema na wewe fanya bidii kama mwenzio, mwakani zamu yako. Nikasema inshallah. Nuru alikaa katikati ya wanawake, amevaa dera jipya, na kila nikiingia alikuwa akiangalia chini.

Wageni walipoanza kuondoka akanifuata jikoni, akafunga mlango. Macho mekundu. Alisimama pale penye beseni la vyombo, anasokota ncha ya mtandio.

"Wifi, kazi ile ni yako. Sema neno moja tu, Jumatatu siripoti. Watakuita wewe."

Sikuwa nimetarajia. Nilikuwa na sahani mkononi, maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikasikia mdomo wangu unasema:

"Usiseme hivyo. Ni riziki yako. Nenda."

Sasa hapa wasio wa kwetu watanielewa vibaya, kwa hiyo nieleze. Sisi hatukubali kitu kwa mara ya kwanza. Ukikaribishwa chai unasema nimeshakunywa. Ukipewa kiti unasema hapa panatosha. Mwenyeji anajua, anarudia, anakuapia wallahi utakunywa, na hapo ndipo unapopokea. La kwanza halina maana, ni adabu tu. Mtoto wa miaka mitano wa mtaa huu anajua. Nuru mwenyewe nimemwona akimlazimisha mgeni sambusa mara tatu, nne, mpaka mgeni akaomba msamaha.

Mimi nilisema la langu la kwanza. Kisha nikasimama pale na sahani yangu, nikisubiri.

Nuru alifuta macho. Akanibusu begani, akasema Mungu akuweke, wifi, huna mfano. Akafungua mlango akatoka. Nilimsikia akipanda ngazi hadi juu, upesi upesi, bila kusimama.

Sijui kama alisahau au alijua. Ana binti wa kusomesha, na ile kazi aliipata kwa miguu yake, sikumpa mimi. Pengine alikuja kwangu ili aweze kusema amekuja. Pengine aliogopa kuuliza tena. Mimi ningekuwa yeye nisingerudia, na kulijua hilo hakunisaidii kitu.

Lakini angerudia ningekubali. Nimejiuliza mara tatu tangu atoke jikoni na jibu ni moja. Ningeichukua ile kazi mikononi mwake, mbele ya mamake na kakake na binti yake, ningevaa buti zangu Jumatatu, na haya nisingeiona. Hilo sijamwambia mtu. Abdu bado anadhani nina roho nzuri.

Kuna siku mbili mpaka Jumatatu. Mlango wa Nuru uko juu ya kichwa changu, nasikia nyayo zake huku naandika. Nimetafuta adabu inayoniruhusu kupanda, kubisha hodi, na kumwambia niulize tena. Haipo.